Betri ya haibridi ikianza kusumbua: maswali tunayoulizwa kila wiki

Kazi yetu ni betri za magari ya haibridi, yaani yanayotembea kwa petroli na umeme, hapa Nairobi. Wengi wanaotupigia simu wameshaambiwa na mtu kwamba "betri imeisha, tafuta nyingine", na karibu wote hawajaonyeshwa namba hata moja. Majibu yaliyo hapa yanaanza na mambo ya msingi, kisha yanaingia ndani. Mengi yanahusu Toyota (Aqua, Prius, Axio na Fielder) kwa sababu ndizo zinazofika kwetu zaidi. Mwenye Honda au Nissan asome swali la 19 pia.

## Mambo ya kwanza

1. Gari langu lina betri ngapi?

Mbili. Ndogo ni ya volti 12, ya kawaida, ila imefichwa: kwenye Prius ya kizazi cha pili na cha tatu iko pembeni ndani ya buti, kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Hiyo ndiyo huamsha kompyuta, taa na vitasa vya milango.

Kubwa ndiyo watu huiita betri ya haibridi. Imeundwa kwa moduli, yaani vipande bapa vya plastiki vilivyosimama kama vitabu kwenye rafu. Kila moduli ina seli 6 za nikeli, kila seli volti 1.2, jumla volti 7.2. Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20, ambazo ni volti 144. Prius ya kizazi cha pili na ile ya kizazi cha tatu zina moduli 28, ambazo ni volti 201.6. Umeme hupita moduli moja baada ya nyingine, kama vibarua wa mjengo waliopanga mstari wakirushiana matofali. Mmoja akilegea, mstari wote unakwama, hata kama wale wengine 19 wana nguvu.

2. Betri kubwa hudumu miaka mingapi?

Kuna zinazochoka mwaka wa nane, na kuna zinazovuka 15. Kipimo kizuri ni kuangalia mtengenezaji mwenyewe alithubutu kuahidi nini: Marekani, Toyota iliipa waranti ya miaka 8 au maili 100,000, na kuanzia magari ya modeli ya 2020 ikafika miaka 10 au maili 150,000. Ahadi hiyo haikufuati wewe uliyenunua gari la mtumba kutoka Japan.

Sasa fanya hesabu. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi umri wa miaka 8. Likishuka Mombasa likiwa na miaka 7, betri yake imeshamaliza ujana. Usidanganywe na kilomita chache kwenye dashibodi, maana betri ya nikeli huchoka kwa umri na joto hata gari likiwa limeegeshwa. Baridi ya Nairobi ni baraka ambayo mwenzako wa Mombasa hana.

3. Nitajuaje kwamba inachoka?

Dalili ya mwanzo karibu kila mtu huiona asiijali: mistari ya chaji hupanda na kushuka ovyo. Unatoka Westlands imejaa, ukifika Kangemi imebaki miwili, ukiteremka kidogo tu imejaa tena. Betri yenye afya haijai upesi hivyo. Hiyo ni kama mtungi uliojaa mawe: maji kidogo yanafika shingoni, na ukimimina mara moja yamekwisha.

Baadaye injini haizimi tena kwenye msongamano, feni inavuma nyuma ya abiria, petroli inaliwa kuliko zamani, na kupanda Limuru gari linakuwa zito. Taa ndiyo huja mwisho.

4. Pembetatu nyekundu imewaka. Ni betri?

Pembetatu ni kengele ya jumla tu. Inasema kuna jambo, haisemi ni lipi. Betri ndogo iliyochoka inaiwasha. Kwenye Prius ya kizazi cha pili, pampu ya maji ya kupoza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) inaiwasha. Kwenye kizazi cha tatu kuna inveta yenyewe na pampu ya breki. Na kama Prius hiyo ya kizazi cha tatu inatetemeka vibaya asubuhi inapowaka, mimi huanza kushuku gasketi ya silinda hedi na njia ya moshi iliyoziba masizi kabla ya kuigusa betri.

Mama mmoja aliletwa kwetu na mwanawe, gari likiwa juu ya lori. Alikuwa ameambiwa atafute betri kubwa nzima. Betri yake ndogo ilisoma volti 10.9. Tuliibadilisha, tukafuta misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta, gari likaingia READY, yaani dashibodi ikaonyesha liko tayari kuondoka.

"Fundi, hako kadogo ndiko kamenikosesha usingizi wiki nzima?"

"Ndiko, mama."

Bado gari hilo huja kwetu kusafishwa feni.

5. Taa ikiwa imewaka, naweza kuendelea kuendesha?

Kufika nyumbani au gereji, ndiyo, ikiwa gari linaingia READY na hakuna harufu kali wala moshi. Kupiga kazi ya teksi wiki mbili zaidi, hapana. Seli moja iliyokufa hupata joto na kuwachoma majirani zake, na kazi ya moduli moja inageuka kuwa ya sita.

Kwenye Toyota usizime gari njiani. Halina stata ya kawaida. Injini ya petroli huwashwa na umeme wa betri kubwa, kwa hiyo ukilizima ili ununue mahindi ya kuchoma, huenda ukalala hapo.

## Kupima

6. Nianze wapi kabla ya kumpa mtu pesa?

Anza na kilicho rahisi. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango mara kumi, pima betri ndogo kwa maltimita, ile mita ya kupima volti. Volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12 imechoka au haichajiwi. Ukiwasha gari hadi READY isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kushuka, tatizo ni chaji, si betri.

Pili, someni misimbo yote (swali la 7), mpige picha ya skrini. Tatu, angalia tundu la hewa la betri kubwa (swali la 9). Haya matatu hayafiki saa moja, na yamewaokoa watu wengi na gharama ya betri ambayo haikuwa na kosa.

7. Misimbo ya hitilafu inamaanisha nini?

Mafundi huiita "kodi", na si ile ya KRA. Hii ndiyo tunayokutana nayo sana kwenye Toyota:

P0A80: kompyuta imeona moduli haziko sawa, imeamua betri ibadilishwe. Huu ndio msimbo wenye uzito. P0A7F: betri imezeeka kwa jumla, haishiki chaji ipasavyo. Ukiona huu, kubadilisha moduli moja ni kujidanganya. P3011 hadi P3024, kwenye Prius: kifungu fulani cha moduli mbili kimelegea, na namba inakuonyesha ni kipi, P3011 ni kifungu cha 1, P3012 cha 2, hivyo hivyo hadi cha 14. P0A82: feni ya betri haipozi. P0A93: inveta haipozwi, tafuta pampu na maji yake kwanza. P0AA6: umeme mkubwa unavujia kwenye bodi ya gari. Huo usiuchezee, soma swali la 11 na la 22.

P3000 ni karani tu, anakuambia kuna barua nyingine ndani. Tafuta msimbo ulioandamana naye. Na ukiona misimbo kumi inayoanza na U imewaka kwa pamoja, rudi kwenye betri ndogo.

8. Nina kile kifaa kidogo cha bluetooth na simu. Nitazame nini?

Kinafaa sana. Programu kama Dr. Prius au Hybrid Assistant huonyesha volti ya kila kifungu cha moduli gari likitembea. Usipime likiwa limesimama, kwa sababu betri mbovu ikipumzika hujifanya nzima. Tafuta mlima, kanyaga mafuta, mwenzako ashike simu. Vifungu vyote vinatakiwa vishuke pamoja na kupanda pamoja, tofauti kati ya cha juu na cha chini ikiwa ndogo, kama volti 0.3. Kifungu kimoja kikiporomoka volti 1 au zaidi chini ya wenzake kila ukikanyaga, hapo kuna seli iliyokufa, kwani seli moja ni volti 1.2.

Kisha tazama joto. Betri ina vipima joto kadhaa. Cha katikati kikiwa juu sana kuliko vya pembeni, hewa haipiti.

9. Feni inavuma nyuma ya kiti. Hiyo ni nini?

Betri ina joto na inaomba hewa. Inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma, lile ambalo watoto hulifunika kwa begi la shule na wazee kwa koti. Kwanza liache wazi.

Kisha lisafishe. Mwaka huu nimetoa kwenye feni moja ya Aqua maganda ya njugu, manyoya ya mbwa, tiketi ya maegesho na vumbi jekundu lililoshikana kama feliti. Mwenyewe alikuwa amehesabiwa bei ya betri. Baada ya kuosha mapanga ya feni kwa brashi na kuirudisha, joto lilishuka na taa haikurudi. Si kila mara inakuwa rahisi hivyo, lakini kwa barabara zetu za vumbi, kusafisha feni kila unapobadilisha oili mara mbili si kupoteza muda.

10. Fundi amefuta msimbo, taa imezima. Si imepona?

Amezima kengele tu. Tatizo likiwepo, msimbo utarudi baada ya dakika chache au siku chache, na umepoteza kumbukumbu iliyohifadhi gari lilikuwa katika hali gani lilipolalamika. Ndiyo maana nimesema mpige picha kwanza.

## Kufungua betri

11. Naweza kuifungua mwenyewe?

Kusafisha feni na kubadilisha betri ndogo, ndiyo. Kufungua kasha la betri kubwa, ikiwa hujafundishwa, hapana. Na siandiki hivi ili nipate kazi.

Nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoua. Betri ya Prius ina volti zaidi ya 200, na inveta ya kizazi cha tatu huupandisha hadi 650. Anayejua kazi huzima gari, huweka ufunguo mbali, hutenganisha betri ndogo, huchomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa na kuitia mfukoni mwake ili mwingine asiirudishe, husubiri dakika 10 inveta iishiwe na umeme, kisha hupima kwa mita kuhakikisha. Hufanya hivyo akiwa na glavu za mpira za kiwango cha volti 1,000, bila saa wala pete. Plagi ikishatoka, betri inakatika katikati, lakini kila nusu bado ina umeme wake. Hakuna swichi ya kuzima moduli.

Ukimwona fundi anaingiza spana ya chuma tupu humo akiongea na simu, ondoa gari lako.

12. Ndani mnaona nini?

Kifuniko kikitoka, kitu cha kwanza ninachotazama si moduli bali vile vipande vya shaba vinavyoziunganisha. Vikiwa na kutu ya kijani, tayari nina mshukiwa. Kutu hiyo huongeza ukinzani, waya mwembamba unaopima volti unasoma uongo, na kompyuta inaihukumu betri kwa ushahidi wa uongo. Tunavitoa, tunavilaza kwenye siki, tunavisugua hadi ving'ae kama sufuria ya harusi, tunavikausha.

Kisha tunapima moduli moja moja. Wiki iliyopita, kwenye Aqua, zilisoma 7.81, 7.80, 7.82, 7.79, na ya 11 ikasoma 6.55. Huhitaji shahada: seli moja ndani imekufa. Zinazofanana tunazibebesha mzigo, taa ya mbele ya wati 55 kwa dakika 2. Moduli nzuri hushuka kidogo na kutulia. Iliyochoka huendelea kuteremka huku balbu ikififia mbele ya macho yako. Mteja akiwepo tunamwita aone mwenyewe.

Tunatazama pia iliyovimba, na iliyolowa mdomoni. Majimaji hayo ni alikali kali yanayochoma ngozi. Na mara nyingi wagonjwa wako katikati, kwa sababu ndiko joto linakojificha.

Wakati wa kufunga, nati hukazwa kwa nguvu ya niutoni-mita 5.4 tu kwenye Prius. Ni kidogo sana. Fundi aliyezoea kukaza nati za magurudumu hung'oa mdomo wa moduli, kisha anasema ilikuwa mbovu.

## Kutengeneza bila kufilisika

13. Kubadilisha moduli moja iliyokufa kunatosha?

Kunatosha kuzima taa. Kukaa ni jambo jingine. Moduli 19 zilizobaki zina umri uleule na zimeona joto lilelile, na ukiwatia mgeni mwenye nguvu kati yao hawatembei naye sawa. Wateja wengi hurudi baada ya miezi michache na nyingine imekufa, kisha nyingine, kila mara wakilipa kufungua na kufunga.

Inafaa katika hali mbili: gari bado changa kiumri na moduli moja tu imeharibika, zilizobaki zikiwa zimepimwa kwa mzigo; au unataka gari lifike mwisho wa mwezi huku ukichanga pesa, na unajua hivyo. Katika hali zote mbili moduli mpya ichaguliwe yenye uwezo unaokaribiana na wenzake, kisha zote ziunganishwe sambamba siku nzima zilingane volti kabla ya kurudishwa garini.

14. Kuna ya mtumba, iliyokarabatiwa na mpya. Nichukue ipi?

Ya mtumba ni betri nzima iliyong'olewa kwenye gari Japan. Utaipata Kirinyaga Road au Industrial Area. Ni ya haraka, na ni bahati nasibu, kwa kuwa hata hiyo ina umri. Usiinunue bila kupimwa kwa mzigo mbele yako. Soma namba zilizopigwa kwenye moduli: betri iliyotoka gari moja huwa na namba za kundi moja. Zikiwa za makundi matano, hiyo imeshonwa kwa mabaki.

Iliyokarabatiwa vizuri maana yake moduli zimechajiwa na kumalizwa chaji mara kadhaa kwa chaja maalumu huku zimebanwa zisivimbe, uwezo wa kila moja ukaandikwa, dhaifu zikatolewa, na zilizobaki zikapangwa kwa kulingana. Moduli mpya ya Prius ina uwezo wa kushika umeme wa ampea-saa 6.5, na kila mzunguko wa kuichaji na kuimaliza huchukua saa kadhaa. Kwa hiyo anayekuambia amekarabati moduli zote 28 tangu asubuhi hadi saa nane mchana amebadilisha moja na kufuta msimbo. Mwombe karatasi ya vipimo.

Mpya ndiyo ghali, na kwa mtu wa teksi anayetembea kutwa mara nyingi ndiyo nafuu. Angalia tu isiwe moduli za zamani zilizobandikwa stika mpya. Midomo ya moduli mpya haina alama za nati.

15. Niambieni bei tu.

Bei za spea hupanda na kushuka na dola na meli, kwa hiyo namba ningeandika hapa ingekuwa uongo kabla hujamaliza kusoma. Badala yake, gawanya. Chukua bei yote, pamoja na kazi, ugawe kwa miezi ya waranti.

Kwa mfano tu: mmoja anataka shilingi 40,000 na kukupa miezi 3, mwingine anataka 90,000 na miezi 12. Wa kwanza anakutoza zaidi ya 13,000 kwa mwezi, wa pili 7,500. Wa kwanza ndiye ghali. Ila kama unaliuza gari mwezi ujao, hesabu ni nyingine, na mnunuzi wako atasoma swali la 23.

16. Waranti ya mdomo inahesabika?

Hapana. Iandikwe kwenye risiti: miezi mingapi, inahusu moduli zote au zilizobadilishwa tu, na nani analipa kazi ya kufungua tena. Lipa kwa M-Pesa ili tarehe ibaki.

17. Nimuulize fundi nini kabla ya kumwachia gari?

Muulize volti ya moduli dhaifu kuliko zote ilikuwa ngapi, na chini ya mzigo ikawa ngapi. Aliyepima atakujibu hapo hapo. Asiyepima atakueleza kwamba amefanya kazi hii miaka kumi. Kisha omba urudishiwe moduli zilizotolewa, au angalau uzione, na zihesabiwe zinazolingana na unazolipia.

18. Vipi moduli za lithiamu za kuweka kwenye Prius au Aqua?

Zipo, ni nyepesi na hutoa nguvu vizuri. Lakini kompyuta ya gari lako ilifundishwa tabia za nikeli, na lithiamu haivumilii kujazwa kupita kiasi. Nunua tu zile zilizoundwa kwa modeli yako, zenye ulinzi wake. Za kuunganishwa kienyeji, sisi hatuzifungi.

## Honda na Nissan

19. Nina Fit, Vezel au Note. Haya yote yananihusu?

Kiasi. Fit ya haibridi ya kwanza, GP1, ina betri ya nikeli ya volti 100.8, na taa ya IMA (mfumo wa haibridi wa Honda) ikiwaka injini bado husukuma gari, kwa uchovu. Fit GP5 na Vezel zina lithiamu, seli 48, volti 172.8. Hizo usimruhusu mtu azifungue na kuzichaji kwa njia za nikeli za swali la 14, zinaweza kuwaka moto.

Tena, wenye GP5 na Vezel huja wakisema betri inashtuka gari likiondoka. Mara nyingi mshtuko huo ni wa giaboksi yake ya klachi mbili. Soma misimbo kwanza. Note e-Power nayo ni ya lithiamu, na magurudumu yake husukumwa na mota ya umeme peke yake. Injini kazi yake ni kuzalisha umeme. Betri ikikataa, hakuna njia ya mkato.

## Mambo ya pembeni

20. Petroli iliisha Thika Road nikaendelea na umeme hadi gari likasimama. Sasa haliingii READY hata nikijaza mafuta.

Umeimaliza betri kubwa, na bila hiyo injini haiwezi kuwashwa (swali la 5). Usiendelee kubonyeza kitufe. Betri itabidi ichajiwe nje kwa chaja inayofaa volti zake. Ikiwahiwa mara nyingi huamka. Ikiachwa wiki mbili ikiwa tupu, hesabu moduli kadhaa zimekwenda.

21. Kwenye msongamano niweke N nipumzishe gari?

Usiweke. Kwenye N gari haliwezi kuchaji betri kubwa, huku kiyoyozi na taa vinaila. Nusu saa ya kutosonga ukiwa N, hasa na kiyoyozi, inatosha kuichosha. Acha kwenye D na ushike breki. Ukiegesha, P. Na ukiteremka kwenda Mai Mahiu tumia B, gia ambayo injini husaidia kupunguza mwendo, kwa sababu betri ikijaa breki ya umeme hupungua na kazi yote hubaki kwa pedi.

22. Gari liliingia maji wakati wa mafuriko.

Baada ya mvua za 2024 tulipokea mengi. Usiliwashe "kujaribu". Betri kubwa ya Aqua nayo iko chini ya kiti cha nyuma, maji yakifika hapo yamefika kwenye umeme mkubwa. Libebwe juu ya lori, lifunguliwe na mwenye glavu, likaushwe, shaba zisafishwe. Maji machafu huacha chumvi, na P0AA6 huweza kuja miezi baadaye gari likionekana zima. Hata uji au soda ya mtoto iliyomwagika kwenye kiti hicho tumeiona ikileta msimbo huo.

23. Nataka kununua haibridi iliyotumika hapa Nairobi. Nitajilindaje?

Nenda na kifaa cha swali la 8. Kompyuta huonyesha kama vipimo inavyojifanyia yenyewe vimekamilika, na ukifuta msimbo vyote huanza upya. Vikiwa vyote havijakamilika, msimbo umefutwa jana. Endesha dakika 40, si kuzunguka mtaa, na upande mlima. Muuzaji akikataa mlima, umepata jibu.

24. Nasafiri ushago miezi mitatu. Nifanyeje?

Mwachie mtu awashe READY nusu saa kila wiki au mbili, au alizungushe kidogo. Nikeli hujimaliza yenyewe polepole. Kulitenganisha na betri ndogo kunaokoa ndogo tu.

25. Naweza kujampu, au kuvutwa?

Kujampu ni kwa betri ndogo peke yake, na ukikosea chanya na hasi unaunguza vitu ghali kuliko betri. Usimjampu jirani kwa haibridi yako. Kuvutwa kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, hapana, kwa sababu mota huzunguka na kuzalisha umeme. Ita lori la kubeba.

26. Betri ya zamani niitupe wapi?

Usiitupe. Ina nikeli yenye thamani na alikali inayochoma. Wauzaji wengi hupunguza bei ukiwaachia, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Vinginevyo peleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre hapa Nairobi.

27. Kwani siwezi kuitoa kabisa niendeshe kwa petroli tu?

Tunaulizwa hili kila Jumamosi, na kuna aliyekuja betri ikiwa tayari ndani ya gunia. Kwenye Toyota haiwezekani. Betri hiyo ndiyo stata, na mota zake ndizo giaboksi. Tulimsaidia kuirudisha. Moduli zake zilikuwa nzima zote 20. Kilichokuwa kimekufa ni feni.